Unavaa Buti Namba Ngapi?

Shambani, 3 Machi

Mpwa wangu Kiroboto,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimeitikia mapema ili tusipoteze wino. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, magoti na huu mkono wa kulia ambao tangu siku ya kiharusi umegoma na hautaki mazungumzo. Barua hii naiandika kwa kushoto, kwa amri ya yule daktari wa mazoezi: ukurasa mmoja kila siku, apende asipende mwandikaji. Ukiona mwandiko kama wa kuku aliyechakura, usimcheke kuku. Ataileta dereva wa gari la mboga, ambaye kila wiki anapita soko la karibu na kwenu. Nimemtazama akirudisha gari kinyumenyume nikanyamaza, kwa heshima ya ugeni.

Mkwe wangu hajambo? Na mapacha, bado wanaimba ule wimbo wao mmoja tangu alfajiri? Dada yangu ukimpigia simu, mwambie mdogo wake amepata shughuli, aache kusema nimeota mizizi.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Uliponiambia kuna shamba linalotafuta watu wazima wenye uzoefu waje kujitolea, wawainue wale ambao maisha yamewapiga teke wakatoka kazini, nilijua umekuja kwa mtu sahihi. Miaka ishirini na sita ya lori si mchezo. Nilipofika nilikuta mama mmoja mrefu mwenye kofia ya ukindu, wanamwita Msimamizi. Hakuniuliza jina, wala ninakotoka, wala nimekuja kufanya nini. Alinitazama miguu, akasema:

“Unavaa buti namba ngapi?”

“Arobaini na tatu.”

Akanipa buti, akanipa aproni ya kijani. “Karibu. Chai ipo jikoni.”

Basi, usaili ukaishia hapo. Sote hapa tunavaa buti zilezile na aproni zilezile, na sharti ni moja: marufuku kumuuliza mtu kama amekuja kusaidia au kusaidiwa. Msimamizi anasema mkishajuana, mmoja ataanza kuamrisha, mwingine ataanza kuinamisha kichwa, na nyanya hazitamwagiliwa. Mimi sina haja ya kuuliza. Mtu mwenye macho huona.

Tunafanya kazi wawili wawili. Mimi nimepangiwa mama mmoja wa makamo ambaye nimempa jina la Bi Glovu, kwa sababu hazivui, hata akinywa chai. Maskini, sijui dunia imemfanya nini. Jembe analishika kama aliyepewa mtoto wa watu ambebe. Toroli likimwona linapinduka lenyewe. Jana nimejiapiza: sitoki hapa mpaka mama huyu apate kazi.

La mwisho, na ndilo kubwa. Kiti changu cha dirishani asikikalie mtu. Kimeshachukua umbo langu, na sitaki mkwe wangu akiharibu na yale makalio yake ya fundi majokofu. Nikishamaliza kujitolea nitarudi kukaa.

Mjomba wako,
mwenye mkono mmoja na nusu


Nyumbani, 12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hata kama umeshaitikia, mimi nimelelewa na watu, lazima niamkie.

Sisi sote wazima. Mkwe wako anatengeneza majokofu ya mtaa mzima na la kwetu linanguruma kama simba anayeumwa jino. Mapacha wamebadilisha wimbo. Tunajuta, maana ule wa zamani angalau ulikuwa mfupi. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula, kama unavaa sweta na kama umeoa, kwa mpangilio huohuo.

Barua yako ilifika na tope pembeni. Dereva wa gari la mboga aliniomba radhi, nikamwambia aniachie na tope langu. Mjomba, acha niseme, maana kwenye karatasi mtu hakuoni uso. Miaka miwili nimekuwa nikitoka zahanati jioni nakukuta palepale nilipokuacha asubuhi, chai imepoa mkononi, unatazama kinyozi wa ng'ambo ya barabara akinyoa vichwa vya watu. Ilinichoma. Sikujua nikuambie nini, kwa hiyo nilikuwa nakuuliza kama unataka chai nyingine. Sasa unaniletea tope! Nililia kidogo jikoni, mkwe wako akadhani ni vitunguu.

Ombi langu ni moja. Usimsumbue huyo Msimamizi kwa maswali ya nani kaandikishwa vipi na kwa nini. Sharti lake ni zuri sana. Lishike. Kila nikilifikiria naona ni sharti zuri mno.

Huyo Bi Glovu mvumilie. Pengine naye anakuvumilia.

Kiti kipo. Hakuna aliyekigusa.

Mpwa wako
Kiroboto


Shambani, 30 Machi

Kiroboto,

Eti pengine ananivumilia! Utani una mipaka, mwanangu.

Salamu zimefika, mwambie dada yangu nakula, sweta ninalo, na swali la tatu sikulisikia. Mvua zimeanza na matope yamefika magotini. Tumepanda kabichi, tumepanda karoti, na jana mbuzi mmoja alikula aproni ya mtu ikiwa bado kiunoni mwake.

Nikueleze maendeleo ya mwanafunzi wangu. Wiki ya kwanza nilimfundisha toroli. Nikamwambia, mama, toroli ni lori dogo, lina kichwa na lina mkia, usiligombanishe. Nikasimama nyuma yake nikiongoza kama tulivyokuwa tukiongozana na utingo wangu: “Rudi, rudi, rudi, kata kulia, kulia kwako si kwangu, haya njoo, njoo, hapo hapo!” Nikapiga bati la banda makofi mawili, kama ilivyo desturi. Shamba zima likasimama kutazama. Lakini samadi ilifika ilikotakiwa, na tangu siku hiyo toroli halijapinduka tena. Sasa kila mtu anataka kuongozwa namna ile, hata wasiohitaji.

Tatizo limebaki kwenye nyanya. Nyanya zikirefuka lazima zifungwe kwenye vijiti kwa kamba laini, fundo moja chini, fundo moja juu. Bi Glovu hawezi. Anasema glovu zinamzuia. Namwambia avue, anasema ngozi yake haitaki udongo. Basi ananishikia kijiti na mimi nafunga. Nikitumia mkono wa kushoto peke yake, anatikisa kijiti, fundo linafunguka, anasema, “Aa, samahani, limetoka. Jaribu na huo mwingine uushikilie hapa chini.” Mama huyu ana mikono mizito, sijapata kuona! Imebidi niuamshe ule wa kulia umsaidie, la sivyo tungefunga mche mmoja mpaka kiyama. Jana tumefunga mstari mzima. Usiku mkono uliniuma, lakini ni uchungu wa mtu aliyefanya kazi, si ule wa kuumwa.

Huruma ninayomwonea haisemeki. Ana heshima, anajua kusikiliza, anaongea vizuri kama mtu wa ofisini. Sijui ni nani aliyemwacha akaanguka hivi.

Kiti kinaendeleaje? Umesema hakuna aliyekigusa. Hata kukifuta vumbi?

Mjomba


Nyumbani, 14 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo. Jokofu limenyamaza, na mkwe wako anadai ndio limepona, ila maziwa yana maoni mengine. Mapacha walipoteza meno ya mbele wiki moja, mmoja Jumatatu, mwingine Jumanne, kwa wivu tu. Mama amesikia habari za mama mwenye glovu, sijui kutoka kwa nani, na ameanza kuulizia ukoo wake. Mimi sijasema kitu. Nimesema tu kwamba huenda nikapata mkaza mjomba kabla ya mavuno.

Nimesoma habari za nyanya mara tatu, na zile za mkono wako mara nne. Endelea kumsaidia maskini wa watu. Asipoweza fundo, mfungie. Hata akiangusha kijiti mara mia, wewe mfungie tu, Mjomba. Usikate tamaa naye.

Habari za mtaani: Jumatano saa nne asubuhi kinyozi alikimbizana na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Mteja alikuwa amegundua kuwa kinyozi anatazama mpira kwenye simu huku wembe uko kichwani. Walizunguka nguzo ya umeme mara mbili, kisha wakachoka, wakarudi kumalizia. Paka wa kinyozi hata hakuamka. Siku hizi analala ndani ya beseni la taulo, kajikunja, masikio tu ndiyo yanaonekana. Alhamisi alizaa humohumo, watoto watatu, mmoja wa rangi ya chungwa.

Kazini ni kama kawaida. Sina la kusimulia.

Kiti kipo, na kiko salama kuliko unavyodhani. Vumbi halina nafasi ya kutua.

Kiroboto


Shambani, 6 Mei

Mpwa wangu,

Huyo mkaza mjomba ulimtoa wapi? Mimi ni mwalimu wake! Mwambie dada yangu aache kupeleleza koo za watu.

Huku tumevuna karoti. Zangu zimetoka na miguu miwili miwili kama wacheza ngoma, za Bi Glovu zimenyooka. Nimemsifu mbele ya watu, maana mwanafunzi husifiwa. Nasikitika kidogo kwamba huniandikii habari za wagonjwa wa zahanati. Yule mzee anayekuja kila Ijumaa kudai ana homa ya kila kitu, amepona? Nilipokuwa hapo hukumaliza chakula cha jioni bila kumsimulia.

Sikia, kuna jambo kubwa. Jumamosi tarehe ishirini ni siku ya waajiri. Wanakuja wenye mashamba, wenye bustani za miche, wenye maduka ya mboga, kutazama nani wa kumchukua. Siku hiyo moja tu sharti linalegezwa. Msimamizi atasema, “Aliyejitolea asimame, amsemee mwenzake.” Na mwenye kujitolea atasimama mbele ya watu wote aeleze huyu mwenzangu anajua nini, na kwa nini mumpe kazi. Nimeona wenzetu wa mwezi uliopita. Kuna waliochukuliwa siku hiyohiyo.

Kiroboto, sijalala vizuri wiki nzima. Mama huyu akitoka hapa bila kazi atarudi kukaa tu nyumbani, na mimi najua kukaa nyumbani kunavyomla mtu. Kunaanza na mto mmoja mgongoni, mara miwili, mwisho unawajua paka wa watu kwa majina. Sitaki limpate. Kwa hiyo nimetayarisha hotuba. Naifanyia mazoezi kwenye banda la mbuzi, na kuna mbuzi mmoja, yule wa aproni, huwa ananisikiliza mpaka mwisho. Nitasema kwamba hajui kujisifu, kwamba hachoki, kwamba hajawahi kumcheka mtu aliyeshindwa. Nitasema toroli analiendesha kama dereva wa daraja la kwanza. Hapo nitapumzika kidogo, watu wapige makofi.

Niombee.

Mjomba


Nyumbani, 12 Mei

Mjomba wangu mpenzi, shikamoo,

Sisi wazima, jokofu limekufa, Mama anakusalimu.

Usisimame.

Yaani, kwanza subiri. Msimamizi akisema “asimame,” wewe tulia kidogo. Tazama kamba za buti. Jifanye una kikohozi. Kama kuna mtu mwingine atasimama, mwache asimame yeye. Labda kuna utaratibu ambao mimi na wewe hatuujui vizuri, au ambao mmoja wetu anaujua vizuri zaidi. Hotuba yako ni nzuri mno, na ndiyo maana nakuomba uitunze.

Nitakueleza yote ukirudi. Au ikibidi nitakuja mwenyewe. Ila usisimame.

Kiroboto wako, ambaye anakupenda, jambo hili likumbuke hasa tarehe ishirini


Shambani, 24 Mei

Wewe,

Nilisimama.

Barua yako ya kuniambia nisisimame imefika leo. Gari la mboga lilikatika ekseli, na yule dereva siku nne hakujua tatizo ni nini, ingawa mimi ningemwambia kwa kusikiliza tu.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Mjomba wa watu


Nyumbani, 31 Mei

Shikamoo Mjomba. Shikamoo mara ya pili, kama ile ya kwanza hukuitikia.

Nimekosa. Nilikuandikisha kama mwenye kuhitaji msaada, nikakudanganya kwamba unakwenda kuutoa. Yule daktari wa mazoezi ndiye aliyeniambia habari za shamba, nami nikajua nikikwambia “Mjomba, nenda ukasaidiwe,” ungeniuliza kama chai ipo, ungegeukia dirisha, na hayo ndiyo yangekuwa mazungumzo yetu ya mwisho kuhusu jambo hilo. Wewe hujawahi kukubali kubebewa hata mfuko wa sukari. Lakini mtu akisema “nisaidie,” hata usingizini unaamka. Nikatumia udhaifu wako huo. Mimi ni mtoto wa dada yako, nimeusomea.

Kosa langu si kukupeleka. Hilo, unisamehe, ningelirudia kesho. Kosa ni kukuacha usimame mbele za watu bila kujua. Nikikufikiria umesimama pale na hotuba yako nashindwa hata kula. Mkwe wako anasema nimestahili. Amekuwa upande wako tangu mwanzo na sasa anatembea ndani ya nyumba kama jaji.

Mapacha wanauliza kama Mjomba amekasirika. Nimewaambia amechoka. Wameuliza amechoshwa na nani.

Niandikie hata matusi. Nimezoea mwandiko wako, nitayasoma yote. Kila gari la mboga likipita nalisimamisha, dereva akiniona anatikisa kichwa tangu kwa mbali ili nisijisumbue.

Kiroboto


Shambani, 27 Juni

Marahaba.

Mstari huo wa kwanza nimeuandika kwa mkono wa kulia. Neno moja, limenichukua muda wa kuchemsha chai, lakini limesomeka. Yanayofuata ni ya kushoto, kwa sababu yana urefu na nina hasira nayo bado kidogo.

Nimekaa kimya makusudi. Nilitaka uonje. Sasa nakusimulia, na ukicheka kabla sijakuruhusu nitajua.

Tulikaa uani kwenye mabenchi, waajiri mbele, sisi nyuma na aproni zilizofuliwa. Ikafika zamu yetu. Msimamizi akasema, “Aliyejitolea asimame, amsemee mwenzake.” Nikasimama. Nimekohoa, nimevuta pumzi, nasikia watu wanaguna. Nageuka, Bi Glovu naye amesimama! Amevua glovu, ameshika karatasi. Nikamnong'oneza, “Mama, kaa, bado hujasemewa.” Naye akaninong'oneza, “Dereva, mimi ndiye wa kusema.” Nikamtazama Msimamizi. Msimamizi alikuwa anatazama kofia yake.

Kiroboto, watu walicheka mpaka benchi likalalia upande. Walicheka vizuri, si kwa ubaya, lakini nilijiona niko uchi na buti tu. Bi Glovu hakucheka. Alinishika mkono, ule wa kulia, akaniambia taratibu, “Kaa nikusemee. Ukikasirika utanikasirikia baadaye.” Nikakaa. Akasema mambo ambayo sitayarudia hapa. Kumbe kule kutikisa vijiti alikuwa anatikisa makusudi, ili mkono wangu ufanye kazi! Ngozi isiyotaka udongo, uongo mtupu. Kwake ana vyungu vya maua anavitifua kwa vidole. Jembe ndilo kweli halijui, na toroli, nashukuru, nilimfundisha kweli.

Nilitoka nikaenda kwenye banda la mbuzi. Nikaona jinsi mpwa wangu, mtoto niliyembeba mabegani, alivyonituma kama mzigo. Niliona haya, na haya yakageuka hasira, ukapata ile barua.

Aliyenifuata bandani ni mama mwenye bustani ya miche, mmoja wa waajiri. Akasimama mlangoni akasema, “Hotuba ya mwenzako nimeisikia. Wewe pia ulisimama. Ulikuwa unataka kusema nini?” Nikamwambia haina maana tena. Akasema yeye ndiye atakayepima. Basi nikamtolea yote, mbele ya mbuzi, pamoja na kile kituo cha makofi. Alipiga makofi kweli. Akasema anayo magari matatu ya kusambaza miche na hana mtu wa kusimamia upakiaji, kwa hiyo miche inafika imevunjika shingo, na wapakiaji wanaacha kazi kwa kupigiwa kelele. Anataka mtu anayejua gari linavyobeba na anayeweza kumsemea binadamu mwenzake vile nilivyomsemea Bi Glovu. Naanza tarehe moja Agosti. Nitapewa chumba. Kuandika orodha ya mizigo atanisaidia kijana wa ofisi, kupiga bati makofi nitapiga mwenyewe.

Na Bi Glovu? Hatukusalimiana siku tatu. Siku ya nne aliniletea chai bila glovu. Alikuwa katibu muhtasi wa shule, akastaafu, watoto wakahama, akabaki kwenye kochi lake na redio. Alikuja kujitolea kwa sababu siku moja alijikuta anamjibu mtangazaji. “Na mimi nilikuwa na kiti changu,” akaniambia. Kuhusu mkaza mjomba, mwambie dada yangu ukoo wao ni wa watu wema. Hayo yanamtosha kwa sasa.

Sasa tugeukie wewe. Ulidhani nimemaliza?

Miaka miwili nilikaa kwenye kile kiti. Najua kinachoonekana pale na saa zake. Paka wa kinyozi akilala kwenye beseni haonekani ukiwa umesimama, pazia la duka linamziba. Mlangoni haonekani, jikoni haonekani. Sharti ukae kitini, uegemee kushoto, utulie. Wewe ulimwona na masikio yake. Ukaona na watoto wake watatu na rangi zao. Ukamwona kinyozi akimkimbiza mteja Jumatano saa nne asubuhi, saa ambayo wewe ulitakiwa uwe mapokezi ya zahanati unaandika majina ya wagonjwa. Na yule mzee wa Ijumaa hujamtaja tangu niondoke.

Vumbi halina nafasi ya kutua! Nilisoma sentensi hiyo nikacheka. Niliposoma tena baada ya siku ya waajiri, sikucheka.

Zahanati imepunguza watu, sivyo? Na wewe ukawa mmojawapo, ukamkataza kila mtu asiniambie, ili nisirudi kukuhurumia. Halafu ukaketi mahali pangu. Mto wa kwanza umeshaweka? Paka umempa jina?

Mwanangu, nilikuita Kiroboto kwa sababu hukuweza kukaa kitako muda wa kumaliza kikombe cha chai. Dada yangu alikuwa anakufunga na kanga mgongoni mwangu ili apate kufagia. Siwezi kulala nikijua umekaa pale. Mimi nilikuwa na mkono uliogoma, angalau nilikuwa na sababu ya kuonyesha watu. Wewe umekaa na huzuni tu, na umejificha nayo, ukiniandikia habari za maziwa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kundi jipya linaanza Julai tarehe kumi na tano, miezi mitatu, na Msimamizi anatafuta mtu wa kupokea wageni na kupanga watu wawili wawili. Au anatafuta mtu wa kufundishwa jambo hilo. Nilimuuliza ni lipi kati ya hayo, akanikumbusha sharti. Mkwe wangu anaweza kukaa na mapacha, jokofu si limeshakufa, hana kisingizio.

Kile kiti mpeni kinyozi. Wateja wake wanaosubiri wanakaa kwenye ndoo.

Swali ninalokuuliza ni moja tu, lile la Msimamizi siku ya kwanza, na lijibu kwa gari la mboga la wiki hii.

Mjomba wako


Nyumbani, 4 Julai

Shikamoo Mjomba,

Kiti kimevushwa barabara asubuhi hii. Mkwe wako alishika nyuma, mimi mbele, na mapacha waliongoza: rudi, rudi, kata kulia. Paka amekichukua kabla ya mteja yeyote.

Thelathini na nane.

Kiroboto